Chui Mtegoni, Nondo Kihengeni

Kila jioni, kabla ya kusonga ugali, Mwamvua alichukua ufagio akafagia kukizunguka kihenge chake cha mahindi. Hakufagia kwa ajili ya usafi. Alifagia ili udongo ulainike, na mtu yeyote atakayekanyaga pale aache unyayo. Asubuhi, hata uso hajanawa, alikwenda kukagua. Aliona nyayo za kuku. Aliona nyayo za mbuzi wake mmoja. Nyayo za mwizi hakuziona, na hilo lilimnyima raha kuliko kama angeziona.

Haya yalitokea mwaka 1975 katika kijiji cha Mgudeni, wilaya ya Kilosa, upande unaopakana na mbuga ya Mikumi. Mgudeni kilikuwa kijiji kipya cha Ujamaa. Watu walikuwa wamehamia mwaka mmoja tu uliopita. Wengine walitoka bondeni Mkata, kama Mwamvua na mumewe Mwinshehe. Wengine walishuka kutoka milima ya Mamboya. Nyumba zilijengwa kwa mistari, mlango ukitazamana na mlango. Mtu ambaye jana hukumjua, leo unamsikia akikohoa kitandani kwake.

Mwamvua hakuyazoea maisha hayo. Alikuwa hodari wa jembe, mpishi mzuri, na mama wa watoto wanne. Lakini alikuwa na moyo wa kushuku. Ukimsalimia kwa furaha, alijiuliza unataka nini. Ukimsalimia kwa kifupi, alijiuliza unaficha nini.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa na sababu. Mwezi wa saba walivuna vizuri. Kihenge kilijaa mahindi ya magunzi mpaka kifuniko kikakataa kukaa. Mwinshehe alisimama akakitazama, akasema chakula kitafika mpaka mavuno mengine. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, na mambo yalikuwa yamebadilika. Mahindi yalikuwepo, ila uzito haukuwepo. Debe ambalo mwezi wa nane alisaidiwa kujitwisha, sasa alijitwisha peke yake huku akiongea. Mashineni lilitoa unga kidogo, na unga wenyewe ulikuwa na uchungu. Watoto waliula ugali wakikunja nyuso.

Kwanza alimshuku mwenye mashine. Akabadilisha, akatwanga nyumbani kwa kinu. Unga ukawa ule ule.

Kisha akamshuku mumewe.

"Baba Tatu," alimwambia, "niambie kweli. Umempa nani mahindi?"

"Mahindi yapi?"

"Hayo hayo unayouliza ni yapi."

Mwinshehe alikuwa mtu mpole. Aliliweka chini jembe alilokuwa akilinoa. "Mama Tatu, mwizi wa mahindi huchukua mahindi. Hajapata kutokea mwizi anayechukua uzito akaacha punje."

Alisema hivyo ili amtulize mkewe. Lakini neno hilo lilimwingia Mwamvua mpaka kwenye mifupa. Mwizi wa kuchukua kiini akaacha ganda? Mbona yupo. Tangu utotoni aliwasikia watu wakinong'ona habari za chuma ulete, uchawi wa kuvuta mali ya mwenzako ikaja kwako wewe umekaa. Mchawi wa namna hiyo haachi unyayo. Basi hata kufagia kule kulikuwa kazi bure.

Tangu siku hiyo aliacha kutafuta nyayo, akaanza kutafuta mtu. Na mtu hakuwa mbali.

Katika nyumba iliyotazamana na yake alikaa Selestina, mama Timotheo, mjane aliyeshuka kutoka Mamboya. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyesoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Selestina alikuwa na tabia moja ya ajabu. Kila baada ya siku chache alipiga hodi kwa jirani akiwa na karai tupu mkononi.

"Hodi, mama Tatu. Umeamkaje?"

"Salama. Karibu."

"Leo pia naomba majivu, kama hujayamwaga."

Mara ya kwanza Mwamvua alimpa. Mara ya pili alimpa. Mara ya tatu alimpa huku akijiuliza. Mtu huomba chumvi. Mtu huomba moto. Nani anaomba majivu, tena ya jiko la mwenzake? Majivu ya jikoni si takataka tu. Ni mabaki ya kila ulichopika. Anayeyachukua majivu yako kachukua habari zote za chungu chako.

Na hilo lingekuwa si kitu, kama mahindi ya Selestina yangekuwa mepesi kama ya wengine. Lakini Mwamvua aliliona debe lake pale mashineni. Lilikuwa limejaa punje nzima, ngumu, zinazong'aa. Kulinyanyua kwenda kwenye mizani, watu wawili walishikana. Wote walilima bonde moja na kuvuna wiki moja. Kwa nini ya kwangu yapungue, yake yasipungue? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia Mwamvua.

Selestina alipokuja tena na karai lake, Mwamvua alisimama mlangoni asimpishe.

"Majivu hakuna."

"Basi, kesho?"

"Hata kesho."

Selestina alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Mwamvua alimwangalia mpaka akaingia nyumba ya tatu. Huko alipewa. Alitoka na karai limejaa.

Wiki hiyo hiyo kijiji kilipata adui mwingine. Chui alitoka mbugani akachukua mbuzi wawili wa upande wa mtoni. Baada ya siku tatu akamchukua mbwa wa balozi wa nyumba kumi, Mzee Kornelio. Mgudeni ikashikwa na hofu. Watu waliacha mashamba saa tisa alasiri. Wanawake walikwenda mtoni kwa makundi, wakigonga sufuria. Palipokutana watu wawili, habari ilikuwa chui. Mwamvua aliwaona kama watoto. Chui mnamjua kwa jina, alifikiri. Mimi wangu ana karai.

Alikwenda kwa Mzee Kornelio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya chui?"

"Hapana. Jumamosi kwenye kikao cha nyumba kumi nataka nipewe nafasi. Kuna mtu ananimaliza. Nataka nimtaje mbele ya watu."

Mzee Kornelio alimwelewa mara moja. "Una ushahidi?"

"Nina kihenge chepesi na watoto wanne. Kwa jinsi mahindi yanavyokwenda, mwezi wa kwanza tutakuwa tunachimba mizizi. Ushahidi gani tena?"

"Mama Tatu, mtu akitajwa uchawi kijijini, hata akishinda kesi amekwisha. Hakuna atakayechota naye maji. Neno likishatoka halirudi kinywani. Utamtaja nani?"

"Utasikia Jumamosi."

Siku ya Alhamisi gari la Idara ya Wanyamapori liliingia kijijini. Alishuka Onesphory, bwana nyama wa Mikumi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Alikuja na mtego wa chuma wenye mlango wa kuanguka. Kwanza alizunguka akisoma nyayo za chui. Wanaume walimfuata nyuma kama kuku wanaofuata mpanzi. Aliinama, akapima unyayo kwa vidole, akasema, "Jike. Si mkubwa sana. Anachechemea kidogo mguu wa nyuma wa kushoto." Watu waliguna kwa mshangao.

Mwamvua alisimama pembeni akamsikiliza. Wazo likamjia. Mtu anayejua kwa unyayo tu kwamba chui anachechemea, atashindwaje kuona nyayo za mchawi? Alingoja watu wapungue, akamsogelea.

"Shikamoo, mama," bwana nyama alimwahi.

"Marahaba. Nina kazi yako nyumbani. Ni ya nyayo."

"Za chui?"

"Za mwizi."

Onesphory alitaka kumwambia kwamba yeye si polisi. Lakini aliuona uso wa mama yule umechoka, akamfuata.

Alikizunguka kihenge polepole. Alipiga goti. "Hapa wamepita kuku. Mbuzi. Wewe mwenyewe, na ufagio wako. Mtu mwingine hajakanyaga hapa siku nyingi."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Huyu hakanyagi."

Bwana nyama alimtazama, kisha akaomba ruhusa ya kufungua kifuniko. Alipokiinua tu, vidudu vidogo vyenye mabawa viliruka usoni kwake. Vilikuwa na rangi ya majani makavu, vifupi kuliko punje ya mchele. Mwamvua alivipunga kwa mkono. "Usijali hivyo. Ni vipepeo tu. Vipo kila siku."

"Kila siku?"

"Tangu mwezi wa nane. Havina neno. Haviumi."

Onesphory alichukua gunzi moja, akaligeuza juani. Alipukuchua punje chache kiganjani, akampa. "Tazama vizuri. Unaona nini?"

Mwamvua alitazama. Punje nyingi zilikuwa na tundu dogo la mviringo, kana kwamba zimetobolewa kwa sindano. Aliwahi kuyaona matundu hayo. Hakuyatilia maanani.

"Hizo ndizo nyayo za mwizi wako," alisema bwana nyama. Alibonyeza punje moja kwa kucha. Ikapasuka kama ganda la karanga. Ndani mlikuwa na vumbi tupu. "Haya mahindi yamebunguliwa. Mdudu huyu anaitwa nondo. Kabla sijaajiriwa kazi ya wanyama nilikaa miaka miwili nikitunza ghala la mahindi. Namjua kuliko ninavyomjua chui."

Mwamvua alirudi nyuma hatua moja. Alimkagua kijana yule kuanzia kofia mpaka viatu. "Umefikia nyumba ya nani hapa kijijini?"

"Nilipokuja nilipewa maji pale mbele." Alionyesha nyumba ya Selestina.

"Ahaa," alisema Mwamvua. Kumbe amekwisha pewa maji. Yaliyotiwa nini, Mungu ndiye ajuaye.

Onesphory hakuwa mjinga. Aliwahi kuishi na watu wanaoshukiana, akajua kwamba maneno hayatatosha. "Mama, usiniamini mimi. Una chupa nyeupe?"

Ilikuwepo, ya mafuta ya taa, imeoshwa.

"Chagua punje wewe mwenyewe. Chagua zilizo nzima kwa macho yako, zisizo na tundu hata moja. Jaza chupa nusu. Funga mdomo kwa kitambaa, kwa fundo lako. Una sanduku la kufuli?"

"Ninalo."

"Weka humo. Ufunguo uvae shingoni. Kama kuna mtu anavuta mahindi yako kwa uchawi, hutakuta kiumbe ndani ya chupa; kama mwizi ni mdudu, utamkuta humo. Narudi Ijumaa ijayo kuutazama mtego wangu. Na wewe utaniambia wako umenasa nini. Ila Jumamosi hii usimtaje mtu."

Mwamvua alifikiri sana. Alichokubali ni ule ufunguo. Alipenda jambo lenye kufuli. Alikwenda kumwambia Mzee Kornelio amsogezee wiki moja, na mzee alishusha pumzi waziwazi.

Siku ya nne, Jumatatu, chui alinaswa. Mbuzi wa chambo alikuwa katika chumba chake cha chuma, mzima, akila majani. Kijiji kizima kilikwenda kutazama kabla gari halijaja kumpeleka mbali ndani ya mbuga. Mwamvua naye alikwenda. Chui alikuwa amejikunja pembeni, manyoya yamesimama, macho yanawaka. Alikuwa mzuri na wa kutisha. Wanawake walipiga vigelegele. Mwamvua alirudi nyumbani, akapukuchua mahindi ya jioni. Vumbi lilimwagika kati ya vidole vyake. Chui amekwenda, alijiambia, na bado ninaliwa.

Ijumaa asubuhi alivua ufunguo shingoni. Alifungua sanduku. Kanga zake zilikuwa kama alivyozikunja. Fundo la kitambaa lilikuwa lake. Akaiinua chupa dirishani.

Ndani ya chupa, juu ya punje alizozichagua kwa mkono wake, nondo saba walikuwa wakipiga mabawa kwenye kioo. Na punje zile nzima zilikuwa na matundu.

Mwamvua alikaa kitako sakafuni. Alitafuta njia yoyote ya kumwingiza Selestina ndani ya chupa ile, akaikosa. Aliona aibu, aibu ya peke yake chumbani, ambayo ni mbaya kuliko ya mbele ya watu.

Bwana nyama alipofika, alimkuta uani na chupa mapajani, Mwinshehe yuko kando yake.

"Wameingiaje?" aliuliza Mwamvua. Sauti yake haikuwa na ubishi.

"Hawakuingia. Walikuwamo. Nondo jike hutaga mayai juu ya punje. Mayai ni madogo, huwezi kuyaona. Yakianguliwa hutoka funza mwembamba kama uzi. Huyo hutoboa punje, akaingia, tundu la kuingilia lisionekane. Hula kiini mpaka amalize. Hujigeuza humo humo, kisha hutoka na mabawa. Tundu unaloliona ni mlango wa kutokea. Ukiliona tundu, ujue karamu imekwisha."

"Na huyu mwenye mabawa anakula nini?" aliuliza Mwinshehe.

"Hali kitu. Kazi yake ni kutaga tu."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa namwona asiyekula," alisema Mwamvua, "na anayekula simwoni."

"Ndivyo. Sasa mlinganishe na chui wangu. Chui kala mbuzi wawili na mbwa mmoja, na kijiji kimeacha kulima. Huzaa watoto wawili au watatu, akakaa nao mwaka na zaidi kabla ya kuzaa wengine. Huyu mdogo hutaga mayai mia na kuendelea kwa siku chache. Baada ya mwezi mmoja hivi, watoto wake nao wanataga. Chui akila huacha mifupa, ukapiga kelele. Huyu huacha ganda, ukadhani mahindi bado unayo. Nyumba ngapi hapa zina mahindi mepesi?"

Mwinshehe alifikiri. "Nadhani nyingi. Watu wanaona haya kusema."

"Basi huyu ndiye mnyama mkali wa Mgudeni."

Mwamvua alikuwa na swali moja lililobaki, na alikuwa akilizunguka. "Kihenge changu ni kipya. Kimejengwa hapa, kwa miti mipya. Nani aliwaleta hao nondo?"

"Wengine hutoka shambani na mahindi, hasa yakichelewa kuvunwa. Lakini kwa wingi huu, walikuwa na makao. Kulikuwa na mahindi ya zamani humo ndani?"

Mwinshehe na mkewe walitazamana.

Katika ukoo wa Mwinshehe, kihenge hakiachwi kitupu. Mavuno mapya yanapokuja, sharti yakute magunzi ya mwaka uliopita chini kabisa. Hayo huitwa mwenyeji. Yeye ndiye anayewapokea wageni ili wakae kwa amani. Mwamvua alifundishwa hivyo na mama mkwe wake. Siku ya kuhama Mkata, magunia yote yalipakiwa kwenye lori. Kikapu cha mwenyeji alikataa kisipakiwe, maana aliogopa kitaibwa. Alikipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Alisimama, akafukua kihenge mpaka chini. Mwenyeji alikuwa pale. Magunzi yale yalikuwa maganda matupu yaliyoshikana kwa utando, na nondo wakaruka kama makapi yanayopepetwa.

"Nilimpakata mwenyewe," alisema Mwamvua. "Mwizi. Nilimfunika na kanga asipigwe na vumbi."

"Lakini Mkata tulifanya hivyo hivyo miaka yote," alisema Mwinshehe. "Mbona hatukuliwa namna hii?"

"Kihenge cha Mkata kilikuwa wapi?"

"Ndani ya jiko, juu ya mafiga."

"Moshi ulikuwa ukiwafukuza, nanyi hamjui. Hapa jiko liko kule, kihenge kiko huku."

"Tufanye nini sasa?" aliuliza Mwamvua. "Niambie dawa."

Onesphory alivaa kofia yake. "Mimi ni bwana nyama. Bwana shamba yuko Kilosa mjini, nitampelekea habari. Lakini hapa kijijini yupo anayejua. Siku ile nilipopewa maji, nilimkuta ameyaanika mahindi yake uani. Punje zote nzima. Vukeni barabara tu."

Hatua zile zilikuwa kumi na mbili. Mwamvua aliziona ndefu kuliko njia ya kwenda Mikumi. Selestina alikuwa akichambua kunde mlangoni.

"Hodi, mama Timotheo."

"Karibu." Hakusimama. Alikuwa na haki ya kutosimama.

Mwamvua alimwonyesha chupa. "Mahindi yangu yameliwa. Nimekuja kuuliza unayawekaje yako."

Selestina aliitazama chupa, kisha akamtazama yeye. "Naweka majivu."

Mwamvua aliishusha chupa.

"Napukuchua yote," aliendelea Selestina. "Siyaweki na magunzi. Napepeta, natoa yaliyobunguliwa. Naanika mpaka punje ukiing'ata ilie. Nachekecha majivu yaliyopoa, makavu. Kwa debe moja natia makopo mawili, nachanganya kila punje ipakae. Kisha najaza mtungi mpaka juu, nafunga kifuniko kwa udongo. Nondo hawezi kupenya katikati ya punje zilizoshikana, na majivu humkausha mdudu. Wakati wa kupika unaosha tu. Kila nikifungua mtungi naanika tena, natia majivu mapya. Jiko langu ni la watu wawili, majivu hayatoshi. Ndiyo maana naomba."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na uliponikunjia uso, niliogopa."

Siku tatu nyumba ya Mwamvua haikulala kazi. Walimwaga mahindi yote. Walipukuchua, Mwinshehe na watoto, na siku ya pili Selestina alikuja na ungo wake mwenyewe. Yaliyokwisha kabisa waliyachoma. Yaliyoharibika kidogo waliyatenga kwa kuku. Mazima waliyaanika juani. Kihenge walikifukiza moshi, wakakikandika udongo ndani na nje mpaka hapakubaki ufa.

Ilipofika zamu ya mwenyeji kuchomwa, Mwinshehe alisita. "Mama angesikia hili."

"Mama hakutaka wageni wasumbuliwe," alisema Mwamvua. "Na huyu anawala wageni." Kisha alichukua kibuyu kidogo, akatia punje nzima zilizopakwa majivu, akakifunga kwa nta, akakiweka chini ya kihenge. "Huyu ndiye mwenyeji mpya. Hana mabawa."

Mwinshehe alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane.

Waliokoa zaidi ya nusu. Katikati ya kazi hiyo, Jumamosi, kwenye kikao cha nyumba kumi, Mzee Kornelio alimpa Mwamvua nafasi yake. Mwamvua alisimama. Hakumtaja mtu. Aliinua chupa. Aliyeipokea alimpa wa pili, na wa pili wa tatu. Mmoja mmoja watu walianza kukiri kwamba mahindi yao nayo ni mepesi. Ilionekana nyumba saba kati ya kumi zilikuwa zikiliwa kimya kimya, na kila nyumba ilikuwa na jirani yake iliyemshuku. Bwana shamba alipokuja wiki ya pili, alikuta wanawake wanachekecha majivu tayari. Yeye aliongeza moja tu: mwakani wavune mapema, mahindi yasikae shambani kungoja nondo.

Kwa muhogo kidogo na mahindi yale, nyumba ya Mwamvua ilifika mavuno bila kuchimba mizizi. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, debe lake lilimshinda. Ilibidi aite mtu amsaidie kujitwisha.

Asubuhi moja ya mwezi huo alikusanya majivu, akayachekecha, akajaza karai. Akavuka njia.

"Hodi, mama Timotheo. Sikuja kuomba. Nimeleta."

Selestina alilipokea. Mwamvua hakuondoka. Lilikuwapo jambo alilokuwa hajalisema mwaka mzima.

"Mwaka jana ilikuwa nikutaje kwenye kikao. Nilikushuku wewe. Kila jioni nilikuwa nafagia kuzunguka kihenge nione nyayo zako. Nisamehe."

Selestina alilitazama karai. Midomo yake ilianza kucheza, kama anayezuia kicheko.

"Mimi nilikuwa nafagia hapa mlangoni," alisema. "Mtu alikuwa ananikodolea macho kutwa, kisha kaninyima majivu. Kila asubuhi nilitafuta nyayo zako."

Walitazama chini wote wawili, kwenye udongo wa mlangoni. Haukuwa umefagiwa siku nyingi. Ulikuwa umejaa nyayo za Mwamvua, za kuja na za kurudi.